Jinsi ya kuzuru studio ya Cézanne kule Aix-en-Provence usitoke mikono mitupu

Wanaokwenda Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, kuiona studio ya mchoraji Paul Cézanne hurudi na lalamiko lile lile: chumba ni kimoja, vitu vimechakaa, picha haimo hata moja, na robo saa baadaye wako nje wanatafuta kahawa.

Ni kweli, picha zake hazimo. Ziko Paris, London, Philadelphia, New York na kwingineko. Kilichobaki kwenye kilima cha Lauves ni chumba alichojijengea kwa ajili ya kazi, alichokitumia tangu 1902 hadi alipofariki Oktoba 1906, pamoja na vitu alivyokuwa akivichora.

Kwa hiyo picha unakwenda nazo wewe, kichwani na mkobani, na chumba ndicho kinachokueleza zilipatikanaje. Ukilishika hilo, ziara inakuwa na faida. Ukilisahau, hata mwongozaji hodari hatakusaidia. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga zifuatwe kwa mfululizo wake, kwa sababu kila moja inaiandalia njia inayofuata.

## Vitu vya kuandaa

- Tiketi iliyokatwa mapema, yenye siku na saa ya kuingia.
- Nakala za picha sita (orodha iko Hatua ya 2), zilizochapishwa kwenye karatasi. Usitegemee simu. Kioo chake kina mwanga wake, na humo ndani unakwenda kutazama mwanga.
- Nakala ya picha ya kamera iliyopigwa na mchoraji Émile Bernard mwaka 1904, inayomwonyesha Cézanne ameketi ndani ya studio hiyo mbele ya kanvasi kubwa ya waogaji.
- Daftari dogo na penseli. Acha kalamu ya wino na rangi za aina yoyote.
- Viatu vya kutembelea, maji na kofia. Aix ni mji wa jua kali, na kati ya Juni na Agosti joto hupita nyuzi 30 mara kwa mara.
- Koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama asubuhi imetulia. Upepo wa kule unaoitwa mistral huvuma kutoka kaskazini-magharibi, na ukianza hauna huruma.
- Begi dogo. Chumba kina vitu vinavyovunjika, na mkoba mkubwa wa mgongoni ni hatari kwako na kwa watunzaji.

## Hatua ya 1: Kata tiketi kabla ya kupanga mengine

Studio inapokea watu wachache kwa wakati mmoja, kwa hiyo tiketi hugawanywa kwa saa. Atakayefika mlangoni bila tiketi wakati wa kiangazi ana nafasi kubwa ya kugeuzwa.

Kwanza fungua kalenda rasmi ya mwezi unaotaka kusafiri. Studio ilifungwa kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2025, na siku za kufungua hubadilika kwa msimu. Usitumie ratiba uliyoikuta kwenye kitabu cha zamani cha wasafiri.

Pili, chagua saa. Chukua saa nne au saa tano asubuhi. Cézanne mwenyewe alikuwa akifanya kazi za ndani asubuhi na kutoka nje kuchora mchana, na mpango wa ziara hii unafuata mwendo wake. Sababu utaiona Hatua ya 9: mlima unaonekana vizuri jua likiwa nyuma yako, yaani alasiri.

Tahadhari: tiketi za Ufaransa zinaandikwa kwa saa 24 za Kizungu. "10 h 00" ni saa nne asubuhi yetu, na "14 h 30" ni saa nane na nusu mchana. Andika saa zote mbili kwenye daftari lako. Kosa hili ni dogo na limeshawaharibia watu safari nzima.

Kama unahitaji viza ya Schengen, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15, na bima ya afya ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Anza na viza, na tiketi ya studio uikate tarehe zikishathibitika.

Umefaulu ikiwa: una tiketi ya asubuhi, na alasiri ya siku hiyo hiyo hujaahidi mtu kitu kingine chochote.

## Hatua ya 2: Zifahamu picha sita kabla hujasafiri

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Tenga jioni chache. Kila jioni picha moja, itazame polepole, kisha ifunike na ujaribu kuichora kwa penseli kwa kumbukumbu tu. Mchoro mbaya hauna tatizo. Unachotafuta ni kujua macho yako yalipitiwa na nini.

1. *Waogaji* wakubwa, walioko Philadelphia Museum of Art. Kimo ni zaidi ya mita mbili, upana takriban mita mbili na nusu. Angalia miti inayoinama kutoka pande zote mbili.
2. *Malaika mdogo wa plasta*, iliyoko Courtauld, London. Sakafu yake inainuka kana kwamba chumba kimeinamishwa.
3. *Mtungi wa tangawizi na biringanya*, iliyoko Metropolitan, New York. Kariri umbo la mtungi huo na kamba zilizosukwa kuuzunguka.
4. *Mafuvu matatu juu ya zulia*, iliyoko Solothurn, Uswisi.
5. *Mlima Sainte-Victoire kutoka Lauves*, ya miaka ya 1902 hadi 1906. Ziko kadhaa, ile ya Philadelphia au ile ya Basel zinatosha.
6. *Mtunza bustani Vallier*, iliyoko Tate, London, ambayo ni miongoni mwa kazi zake za mwisho kabisa.

Utagundua kwamba ya pili na ya tatu ni za kabla ya 1902, yaani kabla nyumba ya Lauves haijajengwa. Hilo lisikuchanganye. Mtu huyu alihama na vitu vyake. Malaika yule yule, mtungi ule ule na mafuvu yale yale vilimfuata kutoka chumba hadi chumba kwa miaka mingi, na leo viko kilimani vinakungoja.

Umefaulu ikiwa: mtu akikutajia "mtungi wa tangawizi" unaona rangi na umbo lake bila kufungua karatasi.

## Hatua ya 3: Jana yake, pita Musée Granet

Usiende studio siku ile ile uliyoshuka kwenye treni. Kituo cha treni za kasi, Aix-en-Provence TGV, kiko mbali na mji, itabidi upande basi kuingia katikati, na utafika umechoka. Anayetokea Marseille ana njia rahisi zaidi: treni ya kawaida au basi hukushusha mjini kwenyewe.

Siku ya kwanza itumie Musée Granet, makumbusho ya sanaa yaliyo karibu na kanisa la Saint-Jean-de-Malte. Huko kuna kazi chache halisi za Cézanne, na uchache wake una kisa. Cézanne alipokuwa hai, mkurugenzi wa makumbusho hayo, Henri Pontier, alikataa katakata kazi zake zisiingie humo. Jengo hilo hilo ndiko Cézanne kijana alikojifunzia kuchora.

Simama mbele ya kanvasi moja tu, usogee karibu kadiri unavyoruhusiwa, utazame jinsi brashi ilivyopita: viraka vidogo vya rangi vilivyolala sambamba, kila kimoja kikiegemea mwenzake, na mahali pengine kitambaa kimeachwa wazi bila rangi. Hiyo ndiyo sura halisi ya rangi ambayo karatasi zako haziwezi kukupa. Beba kumbukumbu hiyo.

## Hatua ya 4: Panda kilima kwa miguu, kwa njia yake

Basi la mjini lipo, na kwa mwenye shida ya miguu ni sawa kabisa alipande. Mwingine yeyote atembee.

Anzia mtaa wa Boulegon, nyumba namba 23, alikokuwa akiishi miaka yake ya mwisho. Pita karibu na kanisa kuu la Saint-Sauveur, toka mji wa kale upande wa kaskazini, kisha ufuate barabara inayopanda, ambayo siku hizi inaitwa kwa jina lake, avenue Paul Cézanne. Studio iko namba 9. Tenga nusu saa bila haraka. Katikati ya mji utakanyaga vibati vidogo vya shaba vyenye herufi C vilivyopigiliwa njiani. Vinaonyesha mahali palipohusiana na maisha yake.

Mzee wa miaka zaidi ya 60, mwenye kisukari, aliupanda mteremko huu alfajiri akafanye kazi hadi kabla ya chakula cha mchana. Ukifika juu na pumzi imekukatika kidogo, utakuwa umeshajua jambo moja juu ya picha zile ambalo makumbusho hayawezi kukufundisha.

Tahadhari: barabara ni ya magari na mahali pengine njia ya miguu ni nyembamba. Nenda kwa mstari mmoja ikiwa mko wengi. Ufike robo saa kabla ya muda wako, maana ukichelewa nafasi yako huenda ikapita.

Mlangoni anza na "Bonjour" kabla ya swali lolote. Kwa Wafaransa, kuanza na ombi bila salamu ni utovu wa adabu, na sisi tuliolelewa kwa salamu hatuna sababu ya kushindwa hapo.

## Hatua ya 5: Dakika tano za kwanza, usitazame kitu chochote

Studio yenyewe iko ghorofani. Ukishapanda ngazi na kuingia, macho yatakimbilia mafuvu na malaika. Yazuie. Simama mahali ambapo humzibii mtu, ugeukie dirisha kubwa la upande wa kaskazini, ukae kimya.

Dirisha lile ndilo sababu ya jengo. Kwa nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta kama Ufaransa, jua hupita upande wa kusini wa anga, kwa hiyo dirisha la kaskazini karibu siku nzima halipati miali ya moja kwa moja. Linapata mwanga wa anga tu: umepoa, una ubuluu kidogo, na haubadiliki ghafla. Kivuli cha tofaa kilichokuwa pale saa mbili bado kiko pale saa nne. Kwa mchoraji aliyetumia siku, wiki, hata miezi kwenye picha moja, hilo lilikuwa hitaji la kazi. Muuza picha Ambroise Vollard alieleza kwamba alikaa mara 115 ili achorwe, na hata baada ya hapo picha haikuhesabiwa kuwa imekamilika.

Sasa geuka uangalie madirisha ya kusini, yanayotazama bustani na upande wa mji. Mwanga wake una joto na unahama. Chumba kimoja, myanga ya aina mbili. Yeye aliamua upi autumie na upi auzuie.

Fanya jaribio hili, halimsumbui mtu. Toa karatasi moja uliyokuja nayo, igeuze upande mweupe, uishike ikitazama kaskazini. Itazame. Kisha igeuze ielekee kusini. Weupe wa kwanza na weupe wa pili si mmoja. Ukishaona tofauti hiyo utaelewa kwa nini kitambaa cha meza katika picha zake kina buluu, kijani na zambarau ndani yake, na kwa nini hakuna aliyeyabuni rangi hizo kwa kupenda mapambo.

Angalia kuta pia. Zina rangi ya kijivu. Ukuta mwekundu ungetupa wekundu wake juu ya kila tunda lililoko mezani, na mweupe ungetawanya mwanga kila upande na kuvidhoofisha vivuli. Kijivu hakidai chochote.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumweleza mwenzako mwanga unatoka wapi, una rangi gani, na unaangukia nini, bila kutaja kifaa hata kimoja kilichomo chumbani.

## Hatua ya 6: Sasa vitafute vitu vyako

Toa nakala za picha za meza. Usizunguke chumba kizima ukihesabu. Tafuta vitatu tu: malaika wa plasta, mtungi wa tangawizi, mafuvu.

Ukikipata kimoja, kilinganishe na picha kwa maswali haya matatu.

Ukubwa. Malaika ni mdogo kuliko alivyo kichwani mwako. Kwenye picha ya Courtauld anatawala kanvasi nzima. Mchoraji alisogea karibu naye, akamtazama kutoka juu kidogo, na ndiyo maana sakafu nyuma yake inainuka.

Rangi. Plasta ni nyeupe iliyochoka. Kwenye picha imejaa buluu na manjano. Rangi hizo alizitoa wapi? Umeshajibiwa na karatasi yako nyeupe ya Hatua ya 5.

Ukingo. Tazama ukingo wa mtungi, kisha sogea hatua moja kushoto, kisha moja kulia. Mdomo wa mtungi unabadilika umbo, na unapoficha kilicho nyuma yake panahama. Katika picha nyingi za Cézanne mdomo wa mtungi umeonwa kutoka juu na tumbo lake kutoka mbele, na ukingo wa meza upande wa kushoto haukutani na ule wa kulia. Watu husema alikosea. Hapa chumbani, kwa hatua zako mbili, utaona kwamba anayetazama kwa muda mrefu hawezi kubaki na jicho moja mahali pamoja, na kwamba mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa kutazama kwenyewe.

Kwa maoni yangu jaribio hili la hatua mbili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika ziara. Ukipata nafasi ya jambo moja tu, liwe hili.

Mafuvu yaache ya mwisho. Mwaka 1904 mchoraji Émile Bernard alipewa nafasi ya kufanyia kazi chumba cha chini, na kila alipopanda juu aliikuta picha ya mafuvu matatu imebadilika rangi na umbo, ilhali angeweza kuapa kwamba jana yake ilikuwa imekwisha. Simama pale ukiwa na nakala ya Solothurn mkononi. Vitu haviendi popote, mchoraji naye haridhiki.

Tahadhari: usiguse chochote, hata kama hakuna kamba. Uliza kuhusu kupiga picha kabla hujatoa simu, na ukiambiwa hapana usibishane. Umekuja na penseli. Pia usichukulie kwamba kila kitu kimelala pale pale alipokiweka yeye. Matofaa bila shaka ni mapya, na mpangilio ni kazi ya watunzaji. Vitu ndivyo vilivyo vyake. Vilibaki kwa sababu nyumba ilinunuliwa na mtu aliyeijali, Marcel Provence, mwaka 1921, na baada yake wapenzi wa sanaa wa Marekani wakachanga fedha ili isivunjwe. Ilifunguliwa kwa watu mwaka 1954.

Umefaulu ikiwa: umechora mistari michache ya kitu kimoja kutoka pembe mbili tofauti, na michoro hiyo haifanani.

## Hatua ya 7: Ufa ukutani

Upande wa dirisha kubwa utaona mwanya mrefu mwembamba, kama mlango uliokosa upana. Wengi hupita bila kuuliza.

Mwanya ule ni njia ya kanvasi kubwa. Ngazi za nyumba zimepinda na haziwezi kupitisha kitu cha mita mbili na nusu kilichokwisha kuwambwa kwenye fremu, kwa hiyo picha za waogaji zilitolewa nje kwa hapo.

Toa nakala ya Philadelphia. Nyosha mikono yako yote miwili kadiri inavyofika. Kwa mtu mzima ni karibu mita moja na nusu au zaidi kidogo. Ongeza mita moja. Sasa iwazie kanvasi hiyo ndani ya chumba hiki, pamoja na meza, jiko la kutia joto, ngazi ya kupandia na mzee mmoja. Kisha toa picha ya kamera ya Bernard, utafute mahali palipopigiwa. Cézanne ameketi, mikono imetulia, na nyuma yake waogaji wamejaa ukuta.

Alifanya kazi kwenye kanvasi tatu kubwa za waogaji humu. Nyingine mbili ziko National Gallery ya London na Barnes Foundation ya Philadelphia. Hakuna mwanamitindo hata mmoja aliyesimama katika chumba hiki kwa ajili ya picha hizo; alitumia michoro ya zamani na kumbukumbu.

## Hatua ya 8: Bustani

Watu hutoka mbio kwenda getini. Usifanye hivyo. Kaa kwenye bustani, mbele ya nyumba, utoe nakala ya *Mtunza bustani Vallier*.

Picha hiyo ilichorwa hapa nje, mtu ameketi kwenye kiti, uso wake karibu umeyeyuka katika majani na kivuli. Katikati ya Oktoba 1906 Cézanne alinyeshewa na mvua akiwa nje akichora, akaanguka, akarudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa dobi. Kesho yake asubuhi aliinuka akaja bustanini kuendelea na picha ya Vallier. Siku chache baadaye alifariki.

Tazama mwanga unavyopenya majani. Hakuna kitu kingine cha kufanya hapa, na dakika kumi zinatosha. Kisha shuka mjini ule chakula cha mchana, au kaa kivulini na mkate wako hadi jua lipungue.

## Hatua ya 9: Panda juu zaidi, hadi mlima uonekane

Hili ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kwenda kichwa kitupu. Watu hutarajia kuuona mlima Sainte-Victoire kutoka studio, hawauoni, wanadhani majengo mapya yameuziba, wanarudi mjini. Mahali pa mlima ni mbele zaidi.

Toka getini, uendelee kupanda barabara ile ile. Baada ya robo saa hadi dakika 20 utafika kwenye bustani ndogo ya umma iitwayo Terrain des Peintres, uwanja wa wachoraji. Kuingia ni bure. Huko juu kuna vibao vyenye nakala za picha zake za mlima, na nyuma ya vibao, mlima wenyewe.

Nenda alasiri, kuanzia saa kumi wakati wa kiangazi. Mlima uko mashariki mwa mji. Asubuhi jua liko nyuma yake na utaona kivuli cha buluu tu, kizuri lakini kisicho na umbo. Alasiri jua linakuwa mgongoni mwako, linapiga jiwe lile jeupe la chokaa, na kila bonde dogo linapata kivuli chake. Mistral ikiwa imevuma hewa husafishika, na mlima wa mita 1,011 utaonekana uko karibu mno.

Fanya hivi:

Kwanza, kaa na kibao kimoja tu. Usivipitie vyote.

Pili, funika jicho moja, uangalie mlima, kisha picha, kisha mlima. Jicho moja hupunguza kina, na bonde lililo mbele yako linaanza kuonekana kama viraka: paa jekundu, kundi la misonobari, kipande cha shamba. Ndivyo alivyoijenga picha, kiraka kwa kiraka.

Tatu, pima kilele. Nyosha mkono, shika penseli wima, upime urefu wa mlima juu ya mstari wa bonde. Kisha pima hivyo hivyo kwenye nakala yako kwa kulinganisha na upana wa picha. Mlima wa picha huwa mrefu kuliko uliopo mbele yako. Macho yetu nayo huukuza. Kamera ndiyo inayoudogosha. Ukipiga picha kwa simu utashangaa ulivyonywea.

Umefaulu ikiwa: umekaa angalau nusu saa, na rangi ya mlima imebadilika ukiwa unatazama.

## Hatua ya 10: Bibémus, kwa mwenye siku moja zaidi

Machimbo ya mawe ya Bibémus, mashariki mwa mji, ndiko Cézanne alikokodi kibanda na kuchora miamba ya rangi ya chungwa. Huingii peke yako. Ni lazima ujiunge na kundi lenye mwongozaji, na nafasi huwekwa mapema kama zile za studio.

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba eneo lote la mlima hudhibitiwa kwa ajili ya hatari ya moto. Kila siku hutangazwa kama njia ziko wazi au zimefungwa, na upepo mkali unaweza kuzifunga wakati tiketi iko mfukoni. Angalia tangazo jioni ya kuamkia safari. Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba maji ya kutosha maana huko hakuna duka, na usiwashe sigara.

## Maswali yanayojirudia

Nina watoto. Niwalete? Waliofikisha umri wa kushika penseli, ndiyo. Wape kazi ya kutafuta mafuvu na mtungi, halafu uwapeleke moja kwa moja kwenye mwanya wa ukutani. Huo huwapendeza kuliko kitu kingine. Wadogo zaidi watachoka, na chumba hakina pa kukimbilia.

Mwongozaji anaongea Kifaransa tu, nami sikifahamu. Sikiliza kidogo, kisha rudi nyuma ya kundi na nakala zako. Hatua ya 5 hadi ya 7 hazihitaji lugha.

Siku ilikuwa ya mawingu, nimepoteza safari? Ndani ya studio mawingu ni bahati: mwanga unakuwa tulivu zaidi na tofauti ya kaskazini na kusini inapungua, lakini vivuli vya vitu vinasomeka vizuri. Mlima ndio unaohitaji jua. Kama una siku ya pili, panda tena Terrain des Peintres anga likifunguka. Hapo huhitaji tiketi.

Nina saa mbili tu mjini. Acha studio. Nenda Terrain des Peintres kwa basi au teksi ukiwa na nakala moja ya mlima. Studio iliyotazamwa kwa haraka haikupi kitu, ila mlima hata kwa nusu saa unakupa.